Njia ya Kibosho yenye maua ya mwitu: uichore kwa Krita, uiunganishe kwa GIMP, au uijenge kwa Blender?

Vijana wa Moshi na Arusha wanaotengeneza kalenda, mabango ya nyumba za wageni na majalada ya vitabu huniuliza mara kwa mara ni programu ipi inayofaa kwa picha ya mandhari yenye njia ya shambani na maua ya mwitu kandoni. Kwa miaka kadhaa nilijibu kwa kutaja programu niliyoizoea, na sasa naona kwamba jibu hilo halikumsaidia mtu. Nilibadili mawazo baada ya kuitengeneza mandhari ileile mara tatu, kila mara kwa njia tofauti na kwa kompyuta mpakato ileile yenye RAM ya GB 8 isiyo na kadi ya michoro ya pekee. Tangu hapo, kabla ya kushauri, namuuliza mwenzangu mambo mawili: maua yako yatakuwa umbali gani kutoka kwenye jicho la mtazamaji, na je, picha hii ni moja tu, au baadaye utatakiwa kuibadilisha saa, pembe na msimu?

Mandhari yenyewe ni ya Kibosho, juu ya mji wa Moshi, mwezi Juni baada ya masika kukatika. Njia ya udongo mwekundu inapanda ikipinda kushoto, katikati yake kuna ukanda wa majani ambao magurudumu hayaugusi, upande mmoja kuna tuta lililofunikwa na maua, upande wa pili kuna mfereji na uzio wa mimea ya masale, nyuma yake migomba na mibuni, na juu ya vyote Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ambacho asubuhi huonekana wazi kabla mawingu hayajapanda kukifunika. Mtu wa hapa akiiona picha hiyo anapajua mara moja, na ndiyo maana makosa madogo humkera: ua lisilo la pale, kivuli kilichoangukia upande usiowezekana, mlima mkubwa kuliko ulivyo.

Programu zote tatu ninazozilinganisha hupatikana bila malipo na msimbo wake uko wazi. GIMP ilianzwa na Spencer Kimball na Peter Mattis mwaka 1995 wakiwa wanafunzi. Blender ilianzishwa na Ton Roosendaal, Mholanzi, na ikawa mali ya umma wa watumiaji mwaka 2002 baada ya kuchangwa euro 100,000 ili kuikomboa kutoka kwa wawekezaji. Krita ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005, na jina lake ni neno la Kiswidi linalomaanisha chaki. Nazitaja asili hizi kwa sababu zinaeleza tabia za programu zenyewe: GIMP ilizaliwa kwa ajili ya kurekebisha picha, Krita imekuzwa na wachoraji, na Blender ilitokana na studio ya filamu za vikaragosi, kwa hiyo kila moja husumbua inapolazimishwa kufanya kazi ya mwenzake.

Tuanze na njia, kwa kuwa ndiyo mifupa ya picha. Katika Krita njia huchorwa kwa macho na kwa kanuni. Programu ina vifaa vya kusaidia mistari ya umbali, ambavyo huelekeza kalamu kwenye nukta ya kutokomea, yaani mahali ambapo kingo mbili za njia huonekana kukutana. Kosa linaloharibu picha nyingi za huku kwetu ni kuiweka nukta hiyo kwenye mstari wa upeo wa macho kana kwamba njia ni tambarare. Njia inayopanda mlimani hutokomea juu ya upeo wa macho, na inayoshuka hutokomea chini yake, na njia ya Kibosho ambayo hupanda, kukaa sawa kidogo kwenye daraja la mfereji, kisha kupanda tena, ina nukta tatu tofauti. Mchoraji asiyelijua hilo hupata njia iliyolala kama mkeka, ilhali mlima unasimama nyuma yake bila kuungana nayo.

Blender humwondolea mtumiaji mzigo huo. Unachora mkunjo, yaani mstari unaopinda, juu ya ardhi, unaifanya ardhi iufuate, kisha kamera yenyewe hukokotoa jinsi kingo zinavyobanana kadiri zinavyokwenda mbali. Nyayo za magurudumu, mashimo na kokoto huwekwa kwa kuinua na kushusha uso wa ardhi kulingana na picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Ukigundua kwamba njia imepinda mno, unavuta nukta moja ya mkunjo na kila kitu kinajipanga upya, jambo ambalo katika Krita lingemaanisha kuchora upya robo ya picha. Kwa upande wa njia peke yake, Blender haina mpinzani.

GIMP haichori njia. Inachukua ile uliyoipiga picha. Hiyo ni nguvu na udhaifu kwa pamoja. Udongo unakuwa udongo wa kweli, wenye unyevunyevu pale penye kivuli na vumbi pale palipopigwa na jua, lakini huwezi kuupeleka mahali kamera yako haikusimama. Nilitumia asubuhi nzima kutafuta mahali pa kusimama ili mfereji na tuta la maua vionekane kwa pamoja, na mwishowe niligundua kwamba pale ninapoona vyote viwili, mti wa mgrivea unaziba mlima.

Mlima nao una mambo yake. Kamera kuu ya simu nyingi huona eneo pana, sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwa kipimo cha kamera za filamu, na kwa sababu hiyo Kibo, kilele chenye mita 5,895, hutokea kwenye picha kikiwa kidogo kama kichuguu. Macho yetu huukuza mlima kwa sababu tunautazama kwa makini, ila simu haina makini hayo. Anayeunganisha picha kwa GIMP hushawishika kuukata mlima na kuupandikiza ukiwa mara tatu zaidi, na hapo ndipo picha inapoanza kusema uongo, kwa kuwa migomba ya mbele imepigwa kwa lenzi pana na mlima umetoka kwenye lenzi nyingine. Dawa yake ni kupiga picha yote kwa lenzi ndefu kutoka mbali zaidi, ili njia, miti na mlima vibanane kwa uwiano mmoja. Ndani ya Blender utachagua urefu wa lenzi kwa kuandika namba tu. Mimi nilitumia milimita 70, nikairudisha kamera nyuma mpaka tuta la maua likakaa vizuri.

Umbo la mlima katika Blender halihitaji kubuniwa. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, na takwimu zake, zenye nukta moja kwa kila mita 30 hivi, hutolewa bure. Zinatosha kabisa kukuonyesha mabega ya Kibo, tambarare kati yake na Mawenzi, na mabonde yanayoshuka kuelekea Kibosho na Uru. Hazifai kwa tuta la barabara, kwa sababu tuta zima linamezwa ndani ya nukta moja. Kwa hiyo mlima unatoka kwenye takwimu na ardhi ya karibu unaifinyanga kwa mkono. Aliye Arusha anaweza kufanya vivyo hivyo kwa Mlima Meru, na ukuta uliobomoka wa upande wake wa mashariki, ule unaoonekana kutoka Momela, hutoka vizuri mno.

Sasa maua, ambayo ndiyo kiini cha uamuzi wote. Kabla ya kufungua programu yoyote nilitembea kwenye tuta lile na daftari. Maua yaliyokuwepo yalikuwa aina nne. Alizeti mwitu, mmea uliotoka Meksiko na Amerika ya Kati na kusambaa huku, husimama juu kuliko mtu na ua lake hujaa kiganja. Kishona nguo ni mdogo, wenye kitovu cha njano na mbegu zinazonasa kwenye sketi na suruali. Lantana ina vichala ambavyo ndani ya kichala kimoja maua machanga ya katikati ni ya njano na yaliyokomaa ya pembeni yamegeuka kuwa ya waridi au machungwa. Na kulikuwa na mmea wa kutambaa wenye maua ya zambarau yenye umbo la tarumbeta, ambayo hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya jioni. Bibi mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alinikuta nimepiga magoti mbele ya kishona nguo akaniambia, "Mwanangu, hilo gugu tu, maua yapo kwangu bustanini." Nilimshukuru, lakini gugu ndilo nililolitaka, kwa kuwa ndilo linaloifanya njia iwe njia ya Kibosho na si bustani ya hoteli.

Maua yaliyo chini ya mita mbili kutoka kwenye kamera yanaonekana moja moja, pamoja na mishipa ya petali na tundu lililotobolewa na mdudu. Hapo Krita inashinda. Mkono wenye kalamu na kibao cha kuchorea chenye kuhisi mgandamizo huweza kulifanya kila ua liwe na tabia yake: moja limegeuka, moja limefifia, moja limelaliwa na shina la jirani. Brashi za Krita huweza kuwekewa mabadiliko ya nasibu ya rangi, ukubwa na mwelekeo, na unaweza kutengeneza brashi yako kutokana na picha ya jani ulilolichuma. Hata hivyo nakuonya usiiachie brashi ya nasibu kazi ya mbele kabisa, kwa sababu jicho hutambua marudio upesi, na maua kumi yanayofanana mbele ya picha huua uhai wa maua elfu yaliyo nyuma.

Kuanzia mita tatu hadi thelathini hivi, hesabu inageuka. Tuta lile lina maelfu ya mashina, na hakuna mkono utakaoyachora yote bila kuchoka na kuanza kudanganya. Blender hufanya kazi hiyo kwa kuchukua maumbo machache uliyoyajenga, tuseme manane, na kuyatawanya juu ya ardhi kama nakala rejea. Nakala hizo hutumia umbo moja lililohifadhiwa mara moja, kwa hiyo maua elfu hamsini hayahitaji kumbukumbu mara elfu hamsini, na ndiyo sababu kompyuta yangu ya GB 8 iliweza kuyabeba. Unapaka kwa brashi sehemu ambazo maua yanaruhusiwa kuota, unayazuia kwenye nyayo za magurudumu, kisha unaongeza mtawanyiko wa mafungumafungu, kwani maua ya mwitu hayaoti kwa umbali sawasawa: alizeti mwitu hukaa kwa vichaka, na kishona nguo hufuata ukingo uliokanyagwa. Mtawanyiko uliosawazishwa huonekana kama kitambaa cha kitenge kilichotandazwa mlimani.

Jani na petali katika Blender zinahitaji kuruhusiwa kupitisha mwanga. Hili wengi hulisahau, na maua yao hutoka kama plastiki. Asubuhi ya Juni, anayetazama mlima kutoka Kibosho ana jua mbele yake upande wa kulia, hivyo petali nyingi zinamulikwa kwa nyuma na kuwaka kama taa ya karatasi. Ukiwa umetumia picha za majani zenye sehemu za uwazi, utaona pia madoa meusi pale majani mengi yanapopishana. Hayo si kasoro ya picha zako, ni kikomo cha idadi ya mara ambazo mwale unaruhusiwa kupita kwenye uwazi, ambacho kwa kawaida ni 8, nawe unaweza kukiongeza kwa gharama ya muda.

Zaidi ya mita thelathini, maua si maua tena. Ni wekundu, njano na zambarau zilizochanganyika na kijani, zikifubaa na kuelekea bluu kadiri umbali unavyoongezeka, kwa sababu hewa iliyo katikati hutawanya mwanga wa bluu zaidi ya mwingine. Programu yoyote inatosha hapo, na anayetumia saa nyingi kujenga maua ya mbali anajipotezea muda.

GIMP katika suala la maua ina sifa moja ambayo nyingine hazina: ua ni lile lenyewe. Ikiwa picha ni ya bango la kufundishia mimea, au ya kampuni ya watalii inayotaka kuonyesha lile ua jekundu lenye mkia uliopinda, Impatiens kilimanjari, ambalo halioti mahali pengine duniani isipokuwa Kilimanjaro, basi piga picha na uiunganishe. Ila lipige na kulibakiza msituni linakoota. Kulishusha mpaka kwenye tuta la Kibosho katikati ya mibuni ni kosa ambalo mpagazi yeyote wa mlimani atakuonyesha kwa kidole.

Kuhusu mwanga, mtu wa Moshi anapaswa kujua jambo ambalo vitabu vya kuchora vilivyoandikwa Ulaya havimwambii. Sisi tuko kwenye nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, nyuma ya mlima kwa anayeutazama kutoka mjini, na Desemba huwa kusini, nyuma ya mgongo wake. Mlima uleule huonekana mzito na wenye kivuli katikati ya mwaka, na bapa lenye kung'aa mwishoni mwa mwaka. Blender ina kiendelezi cha Sun Position ambacho hupokea latitudo, longitudo, tarehe na saa, kisha hukuwekea jua mahali pake, na hapo unabadili Juni kuwa Desemba kwa kugusa tarakimu mbili. Katika Krita utalihifadhi hilo kichwani na kulisimamia kwenye kila jani. Katika GIMP huna uamuzi, isipokuwa kuhakikisha kwamba vipande vyote vimepigwa saa moja na msimu mmoja: mti wa jakaranda uliochanua Oktoba hauwezi kusimama kando ya njia yenye umande wa Juni, na yale maua ya tarumbeta hayawezi kuwa yamefunguka chini ya vivuli virefu vya machweo.

Niliwahi pia kuijaribu programu ya akili mnemba kwa maelezo ya maandishi. Iliniletea njia nzuri yenye maua mekundu ya mashamba ya Ulaya na mlima wenye theluji ambao si Kilimanjaro. Kwa anayehitaji mandhari yoyote ile inatosha. Kwa anayehitaji mahali fulani, haitoshi.

Linabaki suala la mashine na umeme. Krita na GIMP zinafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya kawaida, na Krita hata kwenye baadhi ya tableti za Android. Blender inahitaji uvumilivu, na matoleo mapya hayafunguki kwenye kompyuta ambazo sehemu yake ya michoro imepitwa na wakati, ingawa matoleo ya zamani bado hupatikana. Kurenda, yaani kuiacha kompyuta ikokotoe mwanga mpaka itoe picha, hurefuka kadiri pikseli zinavyoongezeka: ukurasa wa A4 wa kuchapwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 3508 kwa 2480, na A2 ya kalenda ya ukutani ina mara nne ya hizo. Picha yangu ya A2 ilikuwa imekaribia kumalizika alfajiri umeme ulipokatika, betri ikazimika, na usiku mzima ukapotea. Tangu siku hiyo narenda kwa vipande, nikitumia uwezo wa Blender wa kurenda eneo lililozungushiwa mpaka, nahifadhi kila kipande, kisha naviunganisha. Kifaa cha kuondoa chengachenga, yaani vidoadoa vinavyobaki kwenye picha iliyorendwa kwa haraka, huniruhusu kupunguza muda sana, lakini hulainisha majani mpaka yakawa kama pamba, kwa hiyo nakitumia kwa nguvu angani na kwa uangalifu kwenye maua. Bango kubwa la barabarani halihitaji nukta 300, kwa kuwa linatazamwa kutoka mbali. Muulize mchapaji wako kwanza kabla hujaiadhibu kompyuta.

Kwa wanaounganisha picha, nasisitiza mtumie zile mlizopiga wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpiga picha wa Marangu kama inavyomlinda wa ng'ambo, na anga uliloliokota mtandaoni lina mwenyewe. Kwa Blender, hazina ya Poly Haven hutoa anga, udongo na magome ya miti kwa ruhusa ya kutumiwa hata kibiashara.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Anayetaka picha moja ya jalada au ya ukutani, ambamo maua yamejaa mbele, achukue Krita na anunue kibao cha kuchorea hata kama ni kidogo. Anayetengeneza kalenda ya miezi kumi na miwili ya njia ileile, au video fupi ambamo kamera inapanda na njia, asijisumbue na nyingine, aanze kujifunza Blender leo, akijua kwamba wiki za mwanzo zitakuwa ngumu. Mwenye kazi ya kukabidhi kesho kutwa, au anayeonyesha mmea halisi, atumie GIMP na picha zake. Mimi mwenyewe sasa naijenga ardhi, njia, mlima na maua ya kati katika Blender, nairenda bila mimea ya mbele, kisha naifungua katika Krita na kuchora kwa mkono mashina ishirini au thelathini yaliyo karibu na jicho, daftari la Kibosho likiwa wazi pembeni. Kishona nguo nakichora mwisho, kwenye ukingo wa njia, pale ambapo mpita njia angepita akaondoka na mbegu zake.